Gari Litalala Wapi?

Ua wetu hapa Mtongwe hulaza magari mawili ambayo majirani huyaita yote "ya stima", ingawa moja tu ndilo la stima kamili. Langu ni haibridi ya kuchaji. Lina injini ya petroli na tangi lake, kisha lina betri ya yuniti 12 inayochajiwa kwa waya kutoka ukutani. La wifi yangu ni la umeme mtupu: halina tangi, halina ekzosi, na betri yake ilitoka kiwandani ikiwa na nafasi ya yuniti 40. Nahesabu kwa yuniti kwa sababu ndiyo hesabu ya tokeni tunayoijua sote. Kilowati-saa ya wauza magari na yuniti ya mita yako ni kitu kimoja. Yote mawili yalishuka Kilindini yakiwa yametumika Japani, kama magari mengi ya watu wa kipato chetu.

Mimi ni mwalimu kisiwani Mombasa. Wifi ni muuguzi, na kazi yake iko upande wa Ukunda. Kila asubuhi yeye hushika barabara ya kusini, mimi nashika foleni ya feri. Tumelinganisha tokeni na risiti za petroli kwa muda wa kutosha, na sasa kila anayetuuliza ni lipi bora kati ya haya mawili tunamrudishia swali: gari litalala wapi? Wengi hudhani tunakwepa. Hatukwepi. Mimi nimelilaza gari langu mahali pawili tofauti, na kila mahali lilikuwa na gharama yake na tabia yake, utadhani si gari lile lile.

Nianze na hapa nyumbani. Baba mkwe alistaafu jeshi la wanamaji akajenga Mtongwe, karibu na kambi aliyoitumikia. Ua ni wake, mita ni yake, na aliposikia kwamba gari la kuchomekwa liko njiani alimwita fundi kabla halijatoka bandarini. Fundi alikataa katakata habari ya waya wa kurefusha. Akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene wa milimita 6, akaiwekea breka yake, kisha akapigilia fimbo ya arthi kwa jasho jingi, maana chini ya mchanga wetu kuna mawe ya matumbawe, na mawe hayo hayapokei arthi kwa urahisi.

"Mzee," alimwambia baba mkwe, "birika huvuta moto dakika tano likazimwa. Hili litavuta usiku kucha. Soketi ya kawaida itayeyuka."

Ile plagi ya Kijapani iliyokuja na waya wa gari haikuingia popote hapa kwetu, akaikata akafunga nyingine. Kazi yote, pamoja na vifaa, iligharimu pesa ambazo wakati ule niliziona nyingi. Leo naona zilikuwa pesa bora kuliko zote tulizotumia kwa gari lile.

Kwenda kazini na kurudi, safari yangu haifiki kilomita 30. Betri hunipa kilomita 40 hivi kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa hiyo siku za shule injini haiguswi. Anayejua foleni ya Likoni ataelewa maana yake. Unasogea hatua mbili, unasimama. Jua linapiga kioo, na huwezi kuzima kiyoyozi ukiwa na watoto ndani. Gari la petroli hapo linachoma mafuta likiwa limesimama. Kwenye haibridi ya kuchaji kiyoyozi huzungushwa na betri, na kwenye gari la umeme mtupu vilevile, kwa gharama ya yuniti moja hivi kwa saa, mara nyingi hata haifiki. Katika jambo hili magari yetu mawili hayapishani kabisa, na yote yanaliacha mbali gari la kawaida.

Yanapishana kwenye hesabu. Mwaka 2025 petroli hapa Mombasa ilipanda na kushuka kati ya shilingi 170 na 185 kwa lita. Stima ya nyumbani, ukishajumlisha kodi na makato yote, ilikuwa karibu shilingi 30 kwa yuniti. Kujaza betri yangu kunakula yuniti 11 kutoka ukutani. Ni shilingi 330 kwa kilomita 40, yaani shilingi 8 hivi kwa kilomita. Gari la wifi ni dogo na jepesi zaidi, linakwenda kilomita 6 kwa yuniti, shilingi 5 kwa kilomita. Langu betri ikiisha likaanza kutumia petroli, kilomita moja hugharimu kama shilingi 16. Gari dogo la kawaida la petroli, lile ambalo mtaa mzima unalo, hula shilingi 13 hivi.

Tazama hizo namba mbili za mwisho. Haibridi ya kuchaji isiyochajiwa hula zaidi ya gari dogo lisilo na betri yoyote. Sikusoma hilo mahali. Nililipia mwenyewe, mwaka tuliohamia Changamwe.

Tulihamia kwa sababu ya kazi ya mume wangu na shule ya watoto, tukapanga ghorofa ya tatu. Gari lililala chini, kando ya barabara, chini ya macho ya mlinzi wa usiku aliyelipwa na wapangaji wote. Mita zilikuwa kwenye kisanduku kilichofungwa kufuli, na stima ya ngazi na pampu ya maji ilikuwa ya mwenye nyumba. Nilikwenda kwa msimamizi wa ploti nikiwa nimejiandaa vizuri: nitalipia waya, nitalipia mita ndogo, nitalipa kila yuniti. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sina shida na wewe," akasema. "Shida ni wale wengine. Leo ni gari, kesho mtu ataniletea mashine ya kusaga."

Nikampigia simu mwenye nyumba. Naye alikuwa mwungwana, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli: nyaya za jengo lake zilifungwa kwa ajili ya taa, feni na televisheni, na hakuwa tayari kuwa wa kwanza kujaribu. Kuteremsha waya kutoka dirishani ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vya watoto wanaocheza, sikukubali mimi mwenyewe. Basi kwa mwaka mzima na ushee nikaendesha gari la petroli lenye uzito wa karibu tani mbili, limebeba betri tupu na mota mbili za umeme, nikalipa kituo cha mafuta kila wiki. Injini iliweza kuijaza betri kidogo tukiwa njiani, lakini umeme huo ulitoka kwenye petroli ile ile niliyoinunua.

Ndiyo maana sikushangaa Machi 2024, Tume ya Ulaya ilipotoa matokeo ya kumbukumbu za mafuta zilizochukuliwa ndani ya magari yenyewe barabarani. Haibridi za kuchaji zilitoa hewa ya kaboni karibu mara 3.5 ya kiwango kilichoandikwa kwenye vyeti vyake vya maabara. Sababu kubwa ni kwamba wenye magari hawakuyachaji kadiri watengenezaji walivyodhani. Na hao ni watu wenye vituo vya kuchaji kwenye maegesho ya maduka. Mpangaji wa Changamwe, Magongo au Kisauni, ambaye mita yake iko ndani ya kisanduku cha mtu mwingine, atachaji wapi? Muuza magari atamwambia achukue haibridi kwa sababu haina wasiwasi: ukikosa stima, petroli ipo. Hayo ni kweli. Asichomwambia ni kwamba mtu anayekosa stima kila siku amenunua vyombo viwili na anatumia kimoja, kile ghali, na vyote viwili vitamdai matengenezo: oili, plagi za moto na ekzosi upande huu, betri kubwa na nyaya za rangi ya chungwa upande ule. Kwa mtu huyo mimi husema wazi achukue gari dogo la petroli au haibridi ya kawaida isiyochomekwa, zile zilizojaa barabarani kwetu, asubiri mpaka apate mahali pa kuchaji.

Lakini mwenye soketi yake? Hapo ndipo maoni yangu hutofautiana na ya watu wengi, na yaliyoyabadilisha ni maisha ya wifi.

Alinunua gari lake mwaka 2023, sisi tukiwa tumesharudi Mtongwe. Watu walimhurumia. Ukunda kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 60, na kule kazini hakuna pa kuchaji. Walimshauri achukue haibridi kama langu, kwa kuwa anasafiri mbali. Kumbe umbali huo ndio unaolishinda langu: betri yangu ingemfikisha kazini na kumrudisha kama theluthi ya njia, iliyobaki ikawa petroli, kila siku ya Mungu. La kwake linakula yuniti 10 kwa siku na linachajiwa kila baada ya siku mbili au tatu. Yule mwenye safari ndefu ya kila siku, isiyozidi uwezo wa betri, ndiye anayefaidi zaidi umeme mtupu. Haibridi ya kuchaji humfaa mwenye safari fupi kila siku na ndefu mara mojamoja.

Hofu ya pili waliyompa ilikuwa stima kupotea. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, ikapotea nchi nzima. Wifi alikuwa hajakaa na gari lile muda mrefu, na nakumbuka tulivyotoka uani na tochi za simu kwenda kuangalia kioo chake. Lilikuwa na zaidi ya nusu ya betri. Alikwenda zamu yake akarudi, akaenda tena, huku baadhi ya mitaa ikingali gizani. Langu halikuwa limechajiwa usiku ule, kwa hiyo nilitoka kwa petroli. Giza hilo lilirudi Novemba na Desemba mwaka huo huo, na mambo yakawa yaleyale. Betri kubwa ni akiba ya siku kadhaa. Betri ndogo ndiyo inayohitaji stima kila usiku bila kukosa. Mimi nina petroli ya kuniokoa, naye hana, lakini yeye huokolewa mara chache kwa sababu mara chache hukwama. Kinachotusumbua Mtongwe zaidi ya giza ni stima hafifu ya jioni, saa za kupika, feni zote zikiwa zinazunguka. Chaja hupunguza kasi, wakati mwingine hujizima. Tukianza kuchaji baada ya saa nne usiku tunalala salama.

Jambo moja dogo la kuongeza hapo. Gari langu lina soketi ya kutoa stima, na siku ya giza watoto walitaka tuwashe friji nayo. Soketi hiyo ni ya volti 100 ya Kijapani. Friji zetu ni za 240. Anayenunua kwa ajili ya soketi hiyo aongeze na bei ya transfoma.

Sasa nije kwenye sababu iliyotufanya tununue haibridi tangu mwanzo. Mume wangu na wifi ni watu wa Taita. Nyumbani kwao ni Wundanyi, kilomita 200 hivi kutoka hapa, na sehemu ya mwisho kutoka Mwatate ni mlima na kona tupu. Misiba haitoi taarifa. Simu inalia saa tano usiku, alfajiri muwe njiani, nanyi mmebeba sufuria, magodoro na bibi wawili. Gari langu halijawahi kuulizwa kama litafika. Wifi aliwahi kwenda na la kwake peke yake. Alifika Voi betri ikielekea kwisha, akalipia chumba kwenye nyumba ya wageni ambayo mwenyewe alimruhusu kuchomeka, akalala, asubuhi akapanda mlima. Wakati wa kurudi alifurahi, maana kwenye mteremko gari la umeme hujirudishia stima badala ya kuunguza breki. Lakini hawezi kuifanya safari hiyo usiku wa msiba, na hataki kujidanganya kwamba anaweza. Vituo vya kuchaji kwenye barabara ya Nairobi bado ni vya kuhesabika, na ukikuta kimoja, huenda kichwa chake cha Kizungu au cha Kichina kisiingie kwenye tundu la gari la Kijapani.

Basi tunafanya nini? Tunapanda wote langu. Ua wenye familia mbili au tatu hauhitaji kila gari liwe la safari ndefu. Moja linatosha, mengine yawe ya umeme mtupu. Na Nairobi kwenyewe, tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017, ni nani kati yetu anayeendesha kwenda huko kwa hiari? Barabara ya Dongo Kundu ilipounganishwa mwaka 2024, mtu wa kusini anafika Miritini kwenye stesheni bila kuona feri. Vitu hivyo viwili vimelisaidia gari la umeme katika upande wetu kuliko tangazo lolote, ingawa havikujengwa kwa ajili yake. Anayezunguka Likoni, Ukunda, Msambweni, kisiwani na Mtwapa hana safari inayolishinda gari la yuniti 40.

Kuhusu uzee wa betri nitasema machache. Joto la pwani halizipendi betri, na magari kama Nissan Leaf hupooza betri yake kwa hewa tu, bila maji. La wifi limebaki na kama yuniti 34 kati ya zile 40. Kabla ya kulinunua alikwenda yadini na kijana mwenye kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kikasoma afya ya betri kwenye simu. Kati ya magari waliyoyapima, moja lililong'aa kuliko yote lilikuwa limepoteza zaidi ya theluthi. Msikubali kununua bila kipimo hicho. Na haibridi ipimwe vilevile: betri yake ndogo hujazwa na kumalizwa kila siku, wakati ile kubwa huzunguka mara mbili tatu kwa wiki, kwa hiyo ndogo huchoka upesi zaidi kwa kila kilomita. Mwuzaji hatakuonyesha, kwa sababu injini huficha. Betri imechoka, gari bado linakwenda, wewe unalipa petroli tu.

Kodi nayo imeegemea upande mmoja. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019, ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme mtupu ni asilimia 10, nusu ya ule wa chini kabisa uliokuwapo kabla yake. Haibridi, hata ya kuchaji, haimo. Tozo ya barabara, iliyopandishwa hadi shilingi 25 kwa lita Julai 2024, wifi haimgusi. Naamini serikali itatafuta namna ya kumtoza siku moja, na itakuwa haki, kwa sababu naye anaitumia barabara. Hata hivyo, ukisimama ufuoni hapa Mtongwe ukatazama ng'ambo utaona gati la mafuta la Kipevu, lile lililofunguliwa Agosti 2022 linaloweza kuhudumia meli nne kwa pamoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimama mwaka 2013. Kila lita ninayoichoma, basi, imekuja hivyo ilivyo kutoka ng'ambo ya bahari na kulipiwa kwa dola, ilhali sehemu kubwa ya stima yetu ni mvuke wa Olkaria, maji ya Tana na upepo wa Turkana. Natamani sana watoto ninaowafundisha waje waendeshe kwa mvuke wa nchi yao. Na kikwazo ninachokiona hapa Mombasa hakiko kwenye betri. Kiko kwenye kile kisanduku cha mita chenye kufuli.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa yuniti kabla ya makato, na 8 katika saa za usiku zisizo na msongamano. Bei hiyo inataka mita yake, mbali na ya nyumbani. Mwenye ploti yenye wapangaji ishirini angeweza kuomba mita moja ya aina hiyo, akaweka laini mbili tatu kwenye maegesho, akauza yuniti kwa faida ndogo bila kugusa nyaya za jengo lake la zamani. Nimewaeleza wenye nyumba kadhaa. Wanasikiliza zaidi nikitaja faida kuliko nikitaja mazingira, na sioni ubaya wake.

Mwalimu mwenzangu aliyepanga karibu na Shelly Beach yumo katika mazungumzo hayo sasa hivi. Alikuja kwangu na picha za magari matatu kwenye simu, haibridi mbili na moja la umeme mtupu, akataka nimchagulie. Tuliweka simu pembeni tukaenda kwake, tukapima kwa hatua kutoka kisanduku cha mita hadi mahali anapoegesha, kisha tukaita fundi. Mwenye nyumba amekubali laini na mita ndogo, ila anataka shilingi 50 kwa yuniti. Mwenzangu amesimama kwenye 35. Kwa 50, faida ya haibridi karibu yote inamezwa, na la umeme mtupu bado linamlipa kidogo. Nimemsihi asitoe amana yadini mpaka bei hiyo iandikwe kwenye mkataba wa nyumba, na wiki ijayo tunarudi kwa mwenye nyumba pamoja na baba mkwe, ambaye amejitolea kuja na risiti zake zote za tokeni.